Tumbo la Ambakisye

Habari za kifo cha Tusekile aliniletea mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, aliyeshuka kwenye basi la Kyela akiwa na mkungu wa ndizi begani na uso wa mtu aliyetumwa. Alinikuta karakanani kwangu hapa Mbeya nikipiga randa ubao wa mlango. "Mama tumemzika Jumanne, Ipinda," akasema. "Aliagiza Fundi aambiwe, ila asihangaike kuja." Nikamvutia kigoda, nikaagiza chai, tukakaa tukitazama maranda sakafuni kwa sababu hakuna aliyejua pa kuanzia. Mwishowe akaniuliza kama mimi na mama yake tuliwahi kugombana, maana maisha yake yote hakunitaja, halafu siku ya kukata roho jina langu likamtoka baada tu ya majina ya watoto. Nikamwambia hatukugombana. Nikamwambia nilimfahamu mume wake wa kwanza. Akangoja niendelee, nami sikuendelea, chai ikapoa, akaondoka kuwahi basi la kurudi. Ni mtu mpole na alistahili jibu. Ninaandika kwa kuwa kusema kulinishinda, na kwa kuwa katika watu wa mwaka ule sasa nimebaki mimi tu, mzee wa Kihindi mwenye gundi vidoleni, ambaye hata watoto wake hawajui kwamba aliwahi kukaa Mwaya.

Nitaeleza mwaka mmoja tu. Nilikotoka, nani alinizaa na kwa nini niliona heri kupanda meli, hayo tuyaache, hayana tofauti na ya Mhindi mwingine yeyote aliyekuja nchi hii na boksi la vifaa. Nilikuwa na miaka kama ishirini, seremala, nimeitwa na mjomba wangu aliyekuwa na duka la chumvi, vitambaa na majembe pale Mwaya, kando ya Ziwa Nyasa, siku ambazo bendera ya Mjerumani bado ilikuwa bandarini na hakuna aliyefikiri itashushwa. Kifua changu kilikuwa kibovu tangu utoto. Kilikuwa kikibana mpaka midomo inageuka rangi, na huko kwetu mama alinipeleka kwa mzee mmoja wa hekaluni aliyenifundisha yoga, akasema hiyo ndiyo dawa na kwamba nikiacha nitakufa. Sikuwa mtu wa dini wala wa mambo makubwa. Nilifanya yoga kama mtu mwingine anavyopiga mswaki, kila alfajiri, tumbo likiwa tupu, kwa kuwa nilipenda kuvuta pumzi. Mjomba aliyaita mazoezi ya watu wasio na kazi, akaniomba niyafanye mahali ambapo wateja hawataniona.

Mahali penyewe palikuwa chumba cha nyuma ya duka, nilichopewa pamoja na magunia ya chumvi. Wanyakyusa ni watu wa mianzi. Nyumba zao huzisuka vizuri mpaka seremala anaona wivu. Lakini chumba changu kilijengwa na vibarua wa mjomba kwa bei ya chini, na mianzi yake ilipokauka iliachana, ukuta wote ukawa na nyufa za kupitisha kidole. Jua lilipochomoza nyuma ya milima ya Livingstone liliingia kwa mistari na kulala juu ya mkeka. Hewa ya pale ilikuwa nzito, ya matope na mpunga na samaki wanaoanikwa, na wiki za kwanza nilidhani nimeletwa kufa. Nikazidisha mazoezi. Nilikaa, nikanyoosha mgongo, nikahesabu pumzi, kisha nikamalizia na zoezi ambalo yule mzee wa hekaluni alilithamini kuliko yote. Unasimama umeinama kidogo, mikono kwenye mapaja, unatoa pumzi yote, unavuta tumbo ndani mpaka chini ya mbavu panakuwa shimo. Halafu unauachia msuli wa katikati peke yake. Huo msuli unasimama wima, mnene, kutoka kifuani mpaka chini ya kitovu, nawe unauzungusha kushoto na kulia, taratibu, kisha upesi. Ukijitazama, tumbo lako si lako tena. Hata mimi niliyelizoea sikupenda kulitazama.

Tusekile ndiye aliyekuwa akituletea maziwa. Alikuwa mke kijana wa jirani, mtoto wa kwanza bado mgongoni, mwenye kucheka kwa urahisi, na alikuwa na desturi ya kupitia nyuma ili asikutane na wateja wanaume. Asubuhi moja, mpunga ukiwa umeshavunwa, niliinua macho nikiwa katikati ya kuzungusha tumbo, nikaona kwamba mstari mmoja wa jua haupo. Alikuwa amesimama pale penye ufa. Hakupiga kelele. Alikitua kibuyu chini polepole sana, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye migomba, ndipo akageuka. Niliona aibu kama kijana yeyote aliyekutwa kifua wazi, nikavaa shati, nikaenda kufungua duka, na mpaka jioni nilikuwa nimesahau.

Kumbe mimi tu ndiye niliyesahau. Toka wiki ile watu wa Mwaya walibadilika. Wazee ambao walizoea kunipita wakaanza kusimama pembeni ya njia na kuniamkia kwanza, "Mwagonile, Fundi," mimi kijana mdogo. Maziwa yakaongezeka. Nikakuta ndizi mlangoni, siku nyingine jogoo amefungwa miguu, ambaye nilimrudisha kwa kuwa sili nyama, na kule kumrudisha kukazua minong'ono ya kuridhika ambayo sikuielewa. Kina mama waliokuwa na watoto wachanga walipita karibu na chumba changu kwenda mtoni, ingawa njia ya mtoni haikuwa huko. Mjomba aliyaangalia haya kwa mashaka ya mfanyabiashara. "Wamekupendea nini?" akaniuliza. Nilimwambia labda ni milango yangu. Na kwa kweli niliamini hivyo. Nilikuwa mgeni mpweke, na mgeni mpweke akionyeshwa wema haulizi unatoka wapi. Miezi ile ndiyo niliyokuwa na furaha kuliko yote ya ujana wangu, na bado naikumbuka kwa uchungu, kwa sababu furaha ile haikuwa yangu, alipewa mtu mwingine waliyemwona wao.

Aliyeniambia ukweli ni Ambakisye, mume wa Tusekile. Alikuwa rika langu. Mjerumani alimchukua upagazi, akabeba mizigo mpaka pwani na kurudi, na alichorudi nacho ni Kiswahili na kikohozi. Hii lugha ninayoandikia ni yeye aliyenifundisha, akiwa amekaa juu ya rundo la mbao zangu, akinisahihisha kwa ukali wa mtu aliyeilipia kwa mabega yake. Alikuja kuagiza mlango wa mbao, wa kwanza katika kijiji chao, na nilipokuwa nikipima akaniuliza kama najua kwa nini maziwa yanakuja bila kuitwa.

"Kwa sababu mke wako ana roho nzuri," nikasema.

"Mke wangu alikuona. Anasema uko naye."

"Na nani?"

Akagusa tumbo lake. "Chatu."

Akanieleza kama mtu anavyoeleza hali ya barabara. Wako watu wenye chatu tumboni. Wengine ni wachawi, chatu wao hutamani nyama na maziwa, hutoka wakilala kwenda kula ng'ombe na watoto wa majirani. Wengine ni walinzi, nao wana chatu vilevile, ila wao humtumia kuwapiga wale wa kwanza na kukilinda kijiji. Wazee walikuwa wamekaa, wakalizungumza jambo langu juu ya chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake, na wakaamua mimi ni mlinzi. Nyama sili. Jogoo nimerudisha. Mchawi gani anarudisha jogoo?

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia ni msuli, kila mtu anao, hata yeye. Akaniambia nimwonyeshe. Nikavua shati pale pale karakanani, mchana, nikatoa pumzi na kuuzungusha. Ambakisye aliangalia kwa makini, akainama, akanyoosha kidole akakigusa kile kitu kikipita, akarudisha kidole.

"Na wewe unasema hamna kitu mle," akasema.

Ndivyo tulivyoanza urafiki. Kikohozi chake nilikijua kwa sauti, kilikuwa ndugu wa kile changu, na alikuwa hapati usingizi kwa sababu akilala chali pumzi inakatika na anaota mizigo. Nikamwambia aje alfajiri. Alikuja, akacheka, akaanguka akijaribu kusimama mguu mmoja, akarudi kesho yake. Nilimfundisha kukaa, kisha kutoa pumzi ndefu kuliko ile anayovuta. Kabla ya mpunga mpya kumwagwa mashambani alikuwa analala usiku kucha, na Tusekile alinipikia mbalaga, ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa kwa maziwa ya mgando, akaniwekea usipa, dagaa wa ziwani, pembeni, kisha akakumbuka na kuwaondoa kwa haraka huku akicheka. Tulikula kwenye uwanja wao uliofagiliwa mpaka unang'aa. Mzee Mwaisumo, baba yake Ambakisye, ambaye boma lake lilikuwa la jirani, alikuwa akija kunitazama nikila. "Anakula ndizi kama mtu," alikuwa akisema, na wote tunacheka, naye zaidi yetu. Mtoto wa kaka yake Ambakisye, mwenye miaka kama miwili, alikuwa na tabia ya kwenda kukaa kwenye mapaja ya Ambakisye kila chakula kikiwekwa, na hakulishwa na mtu mwingine. Nikifikiria ule uwanja sasa, najiuliza yoga ilikuwa ya nini kama si ya kumleta mtu mpaka mahali kama pale. Kifua kimefunguka, chakula kipo, rafiki yupo. Mzee wa hekaluni aliniahidi mambo makubwa zaidi. Mimi nilitosheka na haya, na haya hayakudumu hata mwaka.

Zoezi la tumbo Ambakisye alilijifunza mwenyewe, kwa kuniangalia, na alilipata upesi kuliko nilivyolipata mimi, kwa sababu upagazi ulikuwa umemkausha hana hata kipande cha mafuta. Siku alipolipata alijitazama, akalaza kiganja juu ya tumbo. Kisha akacheka. Mto Mbaka ulikuwa umeanza kujaa, vijana wa rika lake wakienda kuoga mchana, na huko akawaonyesha. Nilikuwapo. Walipiga vigelegele vya mzaha, wakamwita Mhindi, wakamtaka arudie, na mmoja akajaribu akaishia kujamba, tukacheka wote tukiwa uchi kwenye maji ya kahawia. Hakuna siku ninayoirudia kichwani kama ile. Naitafuta sura moja ambayo haikucheka, na siipati.

Mvua kubwa zikaja. Aliyeona mvua za Kyela hahitaji kuelezwa, na asiyeziona hataamini. Mito yote ikaingia mashambani, njia zikawa maji, watu wakawa wanasafiri kwa mitumbwi kati ya migomba, na visima vikachanganyika na vyoo. Kuhara damu kukaanza vijiji vingine vya kando ya ziwa, kukaingia Ndandalo, kukatufikia. Wakafa wazee, kisha watoto. Mtoto wa kaka yake Ambakisye aliugua asubuhi, na siku ya pili jioni akafa. Nilipeleka jeneza dogo nililolitengeneza kwa mbao za sanduku la sabuni. Walilipokea kwa heshima na hawakulitumia, kwa kuwa mtoto wao huzikwa ndani ya mkeka. Hakuna aliyeniangalia vibaya. Nilipokewa vizuri kama siku zote. Ambakisye alikuwa amekaa peke yake upande wa pili wa uwanja, na ile nafasi kati yake na watu niliiona, nikadhani wamemwachia na majonzi yake.

Duka la mjomba lilikuwa na ukuta ule ule wa mianzi, na aliyekuwa chumbani kwangu alisikia kila kinachosemwa penye chumvi. Siku mbili baada ya mazishi waliingia wanawake wawili, wakazungumza Kinyakyusa, ambacho kufikia hapo nilikifuata. Mlinzi yupo, alisema mmoja, na mtoto amekufa. Basi aliyemla alikuwa karibu kuliko mlinzi. Mwingine akasema, yule wa Mwaisumo alimwonyesha kila mtu mtoni. Wa kwanza akasema, na nyama anaila. Kisha wakauliza bei ya chumvi.

Nilikimbia kwake kwenye matope. Niliposema niliyoyasikia hakushtuka, na kule kutoshtuka ndiko kulikoniogopesha. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango niliomtengenezea. Akaniambia baba yake amekwisha kumwuliza, kwa upole, kama anahisi kitu usiku. Zamani, akasema, jambo lingekwisha kwa siku moja: wangempa mwafi, dawa ya kunywa mbele ya watu, atapike awe safi au asitapike ajulikane. Lakini serikali ilikataza mwafi, ikafunga watu kwa ajili yake. Sasa hakuna njia ya kujua mpaka mtu afe, apasuliwe, atazamwe ndani, kama wanavyowatazama wote wanaokufa na maneno ya watu juu yao.

"Lakini wewe unajua," nikamwambia. "Ni msuli. Nimekufundisha mimi."

"Najua ulinifundisha."

"Basi?"

"Kwenu hawasemi kuna nyoka?"

Sijui alilisikia wapi. Labda nililitamka mimi alfajiri moja, bila kufikiri, kama seremala anavyotaja jina la kifaa. Walimu wa yoga wanasema kwamba nguvu ya mtu imelala chini ya uti wa mgongo, imejikunja kama nyoka, na pumzi ndiyo huiamsha. Ningeweza kukana. Nilikaa pale kwenye kizingiti mvua ikitiririka kwenye majani ya mgomba, na sikuweza kumdanganya mtu aliyenifundisha kusema.

"Wanasema," nikajibu. "Ni maneno tu ya walimu."

"Na haya ya kwetu?" akasema, bila hasira. "Si maneno ya walimu?"

Akaniambia kwamba alimhisi siku ile ya kwanza alipopata zoezi, akizunguka. Akaniambia kwamba yule mtoto hakuwa akila ila kwenye mapaja yake, na kwamba siku moja kabla ya ugonjwa alimwangalia mtoto akinywa maziwa na yeye akayatamani maziwa yale. Nikamwambia kila mtu mwenye njaa huyatamani maziwa. Nilisema mengi siku ile, na siku zilizofuata, kwa lugha zote mbili na nusu tulizokuwa nazo. Tusekile, aliyekuwa akienda kusoma kwa wamisheni, alimpeleka kwa mwinjilisti wa kanisa dogo la udongo, akitumaini ataambiwa ni upuuzi wa wazee. Mwinjilisti, mtu mwema, alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu pale penye bustani na nyoka, akamwekea mikono tumboni na kuomba atoke. Walirudi na mvua. Tusekile aliweka sufuria motoni akakaa amenipa mgongo. Kwa hiyo tulikuwa watatu tuliomwambia kwamba yumo: kijiji chake, kanisa la mkewe, na walimu wangu.

Toka hapo akaacha kula. Alianza na nyama na maziwa, nikasema afadhali, nami sili nyama na sijafa. Kisha akaacha ndizi. "Nikila mimi, anakula yeye," akasema. "Akikosa atalala. Akilala sana atakufa, nami nitabaki." Alilisema kwa matumaini, kama mtu aliyepata mpango mzuri. Alijua kufunga, nilimfundisha hilo pia, siku moja moja ya kupumzisha tumbo. Nilimpikia wali laini na dengu kutoka akiba ya mjomba, chakula ambacho kwetu hupewa wagonjwa na wazee wasio na meno, nikabeba chungu kifuani kwenye maji yaliyofika mapajani. Alikishika chungu kwa mikono miwili akanusa mvuke. "Ndaga fijo," akasema, asante sana, akampa Tusekile ampe mtoto. Nikamkasirikia. Nikamwambia anamuua rafiki yangu. Nikamshika mabega yaliyokuwa mifupa nikamtikisa, naye akaniacha nimtikise. Siku nyingine nilivua shati mbele yake, nikala mbele yake nyama, mimi ambaye sijawahi, kipande cha ng'ombe nilichokinunua kwa jirani, ili aone kwamba mwenye tumbo kama lake anaweza kula nyama na watoto wa watu wakaamka salama. Nilitapika pale pale uwanjani. Mzee Mwaisumo aliyeona kwa mbali akatikisa kichwa kwa kuridhika. Chatu wa mlinzi amekataa nyama. Yeye na kila mtu waliona hivyo, na nilimwona Ambakisye naye akiona hivyo.

Alipozidi kukonda, shimo chini ya mbavu halikuhitaji tena kutoa pumzi. Lilikuwapo muda wote, na ndani yake ule msuli ulionekana ukirukaruka wenyewe, kwa udhaifu au kwa baridi. Alikuwa akiulaza mkono juu yake. Aliendelea kukaa na mimi alfajiri, hilo hakuacha. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Pumzi yake ilikuwa ndefu, safi, haina hata chembe ya kikohozi, na mimi nimekaa kando yake nikiisikiliza nilimchukia yule mzee wa hekaluni, na hekalu, na mama yangu aliyenipeleka. Nilikuwa nimemponya kifua. Mtu aliyeponyeshwa kifua alikuwa akifa mbele yangu akipumua vizuri. Kuhara kulipomfika, mvua zikiwa zinaelekea kuisha, hakukukuta mtu wa kupigana nako. Tusekile alikuja karakanani asubuhi, akasimama mlangoni bila kibuyu.

"Twende, Fundi," akasema. "Wanataka uwepo."

Walikuwa wameulaza mwili wake nyuma ya nyumba, chini ya migomba, juu ya majani mabichi. Haikuwa kazi ya chuki. Natamani mtu aelewe hilo, maana niliposimulia kwa Wahindi wenzangu miaka mingi baadaye walifunika masikio. Baba zake wadogo walikuwapo, na mtu mmoja mwenye kujua kazi hiyo, mwenye kisu kidogo cha mwanzi na mikono ya taratibu, na kaka yake Ambakisye, baba wa yule mtoto, aliyepewa nafasi ya mbele kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kujua. Tusekile alisimama kando yangu. Alinishika mkono wa shati, si mkono. Yule mtu alipasua, akafungua, akainua hiki na kile kwa uangalifu kama mtu anayetafuta sindano kwenye nguo. Wote wakainama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hakuna kitu," akasema.

Kaka yake akauliza kama ametazama kote.

"Kote. Hakuna kitu. Hata chakula."

Nikasikia pumzi ikiwatoka watu wote kwa pamoja. Kaka yake Ambakisye alipiga magoti akaanza kulia, akimwita kwa jina la utotoni. Walimshona, wakamwosha, wakamvalisha nguo mpya kutoka dukani, na alasiri ile walimfanyia mazishi ambayo Mwaya ilikuwa haijayaona mvua zote zile: ng'ombe wakachinjwa, ngoma zikapigwa, vijana wa rika lake wakacheza na mikuki uwanjani, wakimsifu kwa sauti, mtu safi, mtu asiye na kitu, mtu asiyemla mtoto wa mwenzake. Tusekile alikaa na wanawake. Alipopita karibu nami kwenda kuchota maji alisimama, akasema kwa Kiswahili ambacho mumewe alimfundisha, "Nilichungulia tu. Nilileta maziwa, nikachungulia," kisha akaendelea na mtungi wake. Hatukuzungumza tena. Mwezi uliofuata nilimwomba mjomba ruhusa nikapanda mlimani, kuja huku Mbeya.

Lakini kabla sijaondoka pale msibani, Mzee Mwaisumo aliniita pembeni. Alikuwa akinawa mikono kwenye chungu cha wafinyanzi wa Kikisi, taratibu, kila kidole peke yake. Uso wake ulikuwa umechoka na umetulia.

"Ndaga fijo, Fundi, kwa kukaa naye," akasema. "Sasa tunajua."

"Ndiyo, tata," nikasema, kama wanavyomwita baba kule.

"Na wewe usifie mbali. Watu wanasema mengi juu ya mgeni. Ufie hapa hapa, tutakutazama vizuri kama tulivyomtazama mwenzako, usizikwe na maneno."

Mwaka mzima ule hakuna aliyenipa neno la upendo zaidi ya hilo, nalo likanimaliza. Nikamwambia kwamba sisi hatuzikwi. Mtu akifa kwetu huchomwa moto mpaka awe majivu, na majivu humwagwa mtoni.

Akaacha kunawa. "Mwili wote?"

"Wote."

"Na tumbo?"

"Na tumbo, tata."

Akanitazama kwa huruma, maji yakimdondoka vidoleni.

"Basi nani atajua?" akasema.